Dini, Dola na Shule ya Umma: Utafiti wa Kimarekani Ukisomwa kutoka Bunia

1.0 Utangulizi

Uhusiano kati ya dini, siasa na sera ya umma ni uwanja ambao wataalamu wa Marekani wameushughulikia kwa muda mrefu. Vitabu ni vingi, na mabishano ya mahakamani ambayo huvilisha vitabu hivyo hayajakoma. Tarehe 22 Mei 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani iligawanyika kura 4 kwa 4 kuhusu shule moja ya jimbo la Oklahoma. Viongozi wa Kanisa Katoliki wa Oklahoma City na Tulsa walitaka kuanzisha shule ya umma ya kufundisha kwa njia ya intaneti, iitwayo kwa jina la Mtakatifu Isidori wa Sevilla. Gharama zingelipwa na hazina ya jimbo, na uendeshaji ungekuwa wa Kanisa. Kwa kuwa kura zililingana, hukumu ya Mahakama ya Juu ya Oklahoma ya mwaka 2024, iliyokuwa imeikataa shule hiyo, ilibaki na nguvu yake.

Habari hiyo ikisomwa Bunia huzua mshangao wa namna yake. Shule ya umma iliyo mikononi mwa kanisa, ambayo huko Oklahoma ilihesabiwa kuwa jambo geni lisilowahi kutokea, ndiyo shule ya kawaida katika Ituri. Mtoto husoma katika shule ya Wakatoliki, ya Waprotestanti, ya Waanglikana au ya Wakimbangu, na mwalimu wake ni mtumishi wa serikali. Hakuna anayeona ajabu.

Makala hii inakusudia kueleza tofauti hiyo imetoka wapi, na utafiti wa Kimarekani unaweza kumsaidia kwa kiasi gani mwanafunzi wa Kongo anayetaka kuielewa nchi yake. Hoja inayotetewa ni kwamba swali kuu la Wamarekani, yaani mahali pa kuweka mpaka kati ya kanisa na dola, halitoshi kuieleza hali ya Ituri. Swali linalofaa hapa ni la mkataba: nani aliuandika, nani analipa, na nani hakuitwa kutia sahihi.

2.0 Maneno ya mjadala

Kabla ya kuingia katika historia, inafaa kuyachunguza maneno yenyewe, kwani mjadala huu mara nyingi huharibika kwa sababu ya istilahi.

Neno dola, lenye asili ya Kiarabu, hutumika katika Kiswahili sanifu kwa maana ya mamlaka ya nchi. Katika Ituri, hata hivyo, msikilizaji wa kawaida akisikia dola hufikiria kwanza fedha ya Marekani, ambayo huitumia sokoni kila siku. Kwa maana ya mamlaka, Kiswahili cha Kongo kina neno Leta, lililotokana na Kifaransa l'État. Kabla yake lilikuwapo jina la Bula Matari, mvunja mawe, ambalo watu wa Kongo ya Chini walimpa Stanley na ambalo baadaye lilihamia kwa serikali ya kikoloni yote. Kwa hiyo maneno yenyewe yanasimulia jambo: mamlaka ya nchi yalifika yakiwa na jina la kigeni, wakati kanisa na shule vilifika pamoja na kujifunza lugha za wenyeji.

Neno umma lina historia nyingine. Katika Kiarabu maana yake mashuhuri ni jumuiya ya waumini wa Kiislamu. Katika Kiswahili cha leo maana imepanuka, nalo linatajwa katika shule ya umma, afya ya umma na sera ya umma, bila kumaanisha waumini wa dini yoyote. Neno lililozaliwa ndani ya dini limekuja kutaja kile ambacho ni cha watu wote.

Neno la tatu ni lile ambalo Kifaransa hulitaja kuwa laïc. Ibara ya 1 ya Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 inaitaja nchi kuwa ya namna hiyo. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara yake ya 3, inatumia maneno isiyokuwa na dini. Tafsiri hiyo ni fupi, lakini ina hatari ya kumfanya msikilizaji adhani kwamba nchi inamkana Mungu. Isiyofungamana na dini ni tafsiri iliyo karibu zaidi na maana, kwa sababu inakana kifungo tu, wala haikani imani.

Hatimaye kuna mkataba. Mzizi wake wa Kiarabu ni ule ule wa kitabu na katibu; mkataba ni jambo lililoandikwa. Neno hili ndilo ufunguo wa makala hii, kwa sababu shule nyingi za Ituri huitwa kwa Kifaransa cha ofisi écoles conventionnées, yaani shule za mkataba.

3.0 Utafiti wa Kimarekani na sitiari ya ukuta

Rekebisho la Kwanza la Katiba ya Marekani, lililopitishwa mwaka 1791, linakataza mambo mawili: Bunge la nchi lisisimamishe dini ya taifa, wala lisizuie watu kuabudu wapendavyo. Mwaka 1802 Rais Thomas Jefferson, akiwaandikia Wabaptisti wa Danbury, alitumia sitiari ya ukuta unaotenga kanisa na dola. Mwaka 1947, katika kesi ya Everson, Mahakama ya Juu iliichukua sitiari hiyo ikaifanya kuwa kipimo cha sheria. Ni vema kukumbuka kwamba katika kesi hiyo hiyo mahakama iliruhusu wazazi wa New Jersey warudishiwe nauli ya basi ya watoto, wakiwemo waliosoma katika shule za Kikatoliki. Ukuta ulitangazwa na papo hapo ukaachiwa mlango.

Tangu hapo mabishano yamehusu upana wa mlango huo. Mwaka 1971, katika kesi ya Lemon, mahakama ilibatilisha sheria za Pennsylvania na Rhode Island zilizotoa fedha ya serikali kusaidia mishahara ya walimu wa shule za dini. Mwaka 2002, katika kesi ya Zelman, mpango wa mji wa Cleveland ulikubaliwa: serikali ilitoa hati za malipo kwa wazazi, na mzazi akachagua shule, hata iwe ya kanisa. Mwaka 2022, katika kesi ya Carson iliyotoka Maine, mahakama iliamua kwamba jimbo likilipia karo za shule za binafsi haliwezi kuzibagua shule za dini kwa sababu ya dini yao.

Msomaji azingatie mwelekeo wa hukumu hizo. Fedha iliyokwenda moja kwa moja kwa mwalimu wa shule ya dini ilikataliwa mwaka 1971, na fedha iliyopitia mkononi mwa mzazi ilikubaliwa mwaka 2002. Katika sheria ya Marekani mzazi amekuwa daraja: uchaguzi wake huru ndio unaohalalisha fedha ya umma kuifikia shule ya kanisa.

Wataalamu nao hawakukaa kimya. José Casanova, katika kitabu chake cha mwaka 1994 kuhusu dini katika ulimwengu wa kisasa, alipinga dhana kwamba maendeleo lazima yaisukume dini ndani ya nyumba. Alionyesha jinsi dini ilivyorudi katika uwanja wa umma nchini Hispania, Poland, Brazil na Marekani. Stephen Monsma, katika utafiti wake wa mwaka 1996, alionyesha kwamba mashirika mengi ya kidini ya Marekani yalikuwa tayari yanapokea fedha ya serikali kwa kazi za elimu na huduma za jamii, licha ya maneno makali kuhusu ukuta. Mwaka 1997 yeye na J. Christopher Soper walilinganisha demokrasia tano, wakaona kwamba Uholanzi, Ujerumani, Uingereza na Australia zinasaidia shule za dini bila kudhani kwamba zimevunja uhuru wa mtu.

Matokeo hayo ni muhimu kwa Kongo. Yanaonyesha kwamba sitiari ya ukuta ni ya nchi moja na historia yake, wala si sheria ya maumbile. Kongo haikurithi ukuta wa Danbury. Ilirithi mapatano ya Brussels.

4.0 Historia ya mkataba katika Kongo

4.1 Kutoka 1906 hadi uhuru

Tarehe 26 Mei 1906 Dola Huru ya Kongo, iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold II, ilitiliana sahihi na Vatikani. Kila misheni ya Kikatoliki ingepewa bure ardhi ya hekta 100 hadi 200, kwa sharti kwamba ifungue shule. Huo ndio mzizi wa mfumo wote: serikali isiyokuwa na walimu ilikabidhi kazi ya ufundishaji kwa kanisa lililokuwa nao. Katika miaka ya 1920 misaada ya fedha ilipangwa rasmi kwa misheni zilizoitwa za kitaifa, yaani zenye makao Ubelgiji. Waprotestanti, ambao wengi wao walitoka Uingereza, Marekani na nchi za Skandinavia, waliachwa nje.

Ituri inaonyesha vizuri matokeo ya sera hiyo, kwa kuwa injili iliifikia kwa njia kadhaa. Mwaka 1896 mwinjilisti Mganda Apolo Kivebulaya alifika Boga, na kutoka huko Kanisa la Kianglikana likaenea katika Kongo. Mwaka 1912 wamisionari wa Africa Inland Mission, shirika lililoanzishwa mwaka 1895 kwa nguvu za Wakristo wa Marekani, walifungua kituo cha Kasengu upande wa Mahagi. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka madarakani karibuni, aliweka jiwe la msingi la shule ya shirika hilo huko Kijabe, Kenya. Na historia ya misheni yenyewe inasimulia kwamba baadaye aliwaombea wamisionari kwa serikali ya Ubelgiji ruhusa ya kuingia Kongo. Hivyo, hata misheni iliyotoka katika nchi ya ukuta iliuhitaji mkono wa mwanasiasa ili ivuke mpaka. Kazi yake iliendelezwa na jumuiya inayojulikana leo kama CECA 20. Kwa upande wa Wakatoliki, Mapadri Weupe walijenga misheni na shule, na mwaka 1959 Bunia ikawa makao ya dayosisi kamili.

Shule hizo mbili, ya padri na ya mmisionari wa Kiprotestanti, zilifundisha watoto wa nchi moja, lakini moja tu ilipata fedha ya serikali. Ubaguzi huo ulianza kuondolewa mwaka 1946 kwa uamuzi wa Waziri wa Makoloni Robert Godding, na mpango mpya ukatekelezwa kuanzia mwaka 1948. Baadhi ya wamisionari wa Kiprotestanti walikuwa na wasiwasi: anayepokea fedha ya serikali, walihoji, ataweza kuikemea? Mwaka 1954 Waziri Auguste Buisseret alianza kueneza shule za serikali zisizofungamana na dini, jambo lililoyapeleka Kongo mabishano ya Ubelgiji yaliyotulizwa huko kwa mapatano ya mwaka 1958. Uhuru wa mwaka 1960 uliikuta nchi ikiwa na shule ambazo kwa sehemu kubwa zilikuwa za makanisa.

4.2 Kutaifishwa na kurudishwa

Mobutu Sese Seko, katika sera yake ya uhalisi, aligongana na Kanisa Katoliki na hasa na Kardinali Joseph Malula mwaka 1972. Mwishoni mwa mwaka 1974 serikali ilitangaza kwamba inachukua shule zote. Tangazo lilikuwa rahisi, utekelezaji ukawa mgumu. Serikali haikuwa na wasimamizi wa kutosha, na hali ya shule ikazorota haraka.

Tarehe 26 Februari 1977 serikali ilitia sahihi Mkataba wa Usimamizi wa Shule za Taifa pamoja na Kanisa Katoliki, Kanisa la Kristo linalounganisha jumuiya za Kiprotestanti, na Kanisa la Kimbangu. Waislamu walijiunga baadaye. Kwa mujibu wa mpango huo, serikali huweka programu ya masomo, hukagua na kulipa mishahara. Kanisa husimamia shule kila siku kwa kupitia ofisi zake za uratibu. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 iliendelea kuzihesabu shule za mkataba kuwa shule za umma.

Hapa ndipo tofauti na Marekani inapokuwa wazi. Kile ambacho hukumu ya Lemon ilikikataza, yaani hazina ya umma kumlipa mwalimu wa shule ya kanisa, ndicho kiini cha mkataba wa 1977. Na kile ambacho Oklahoma ilikikataa mwaka 2024, Kongo ilikuwa imekiandika miaka 47 kabla.

5.0 Mzazi asiyetia sahihi

Mkataba wa 1977 una pande mbili: serikali na makanisa. Maisha ya shule, hata hivyo, yana upande wa tatu. Uchumi wa Zaire ulipoporomoka, mshahara wa mwalimu ulipoteza thamani, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 walimu waligoma kwa muda mrefu. Ili shule zifunguliwe, wasimamizi wa makanisa na wawakilishi wa wazazi walikubaliana kwamba mzazi atachangia malipo ya motisha ya mwalimu. Mpango uliokusudiwa kuwa wa muda ukadumu zaidi ya robo karne.

Watafiti wa Ubelgiji Kristof Titeca na Tom De Herdt, katika makala yao ya mwaka 2011, walichunguza mfumo huo. Walieleza kwamba elimu ya Kongo haikufa pamoja na fedha za serikali, kwa sababu serikali, makanisa na wazazi waliendelea kujadiliana kila ngazi. Walionyesha pia kwamba fedha iliyotolewa darasani haikuishia darasani: sehemu yake ilipanda hadi ofisi za uratibu na za utawala. Mtaalamu wa siasa wa Marekani Laura Seay, katika tasnifu yake ya mwaka 2009 kuhusu Kongo ya mashariki, naye alichunguza jinsi mashirika ya kijamii, yakiwemo makanisa, yalivyotoa huduma pale ambapo serikali ilikuwa dhaifu.

Katika Ituri mzigo huo ulibebwa nyakati za vita. Mapigano ya 1999 hadi 2003 yalisambaratisha vijiji na shule. Bunia yenyewe ilishuhudia mauaji ya Mei 2003 kabla ya majeshi ya Ulaya kufika mwezi Juni. Utawala wa kijeshi uliotangazwa Mei 2021 katika Ituri na Kivu ya Kaskazini unakumbusha kwamba amani haikurudi kwa wote. Mzazi aliyekimbia bila shamba wala mifugo alitarajiwa kuleta malipo ya motisha sawasawa na mzazi aliyebaki nyumbani.

Ulinganisho na kesi ya Zelman unafundisha jambo. Huko Cleveland fedha ya umma hupitia kwa mzazi ili kuifikia shule ya kanisa. Katika Bunia, kwa miaka mingi, fedha ya mzazi ndiyo iliyoifikia shule ya umma ili mkataba kati ya dola na kanisa usivunjike. Mmarekani alikuwa daraja la fedha ya serikali. Mkongomani alikuwa hazina yenyewe.

6.0 Elimu bure na mkataba

Ibara ya 43 ya Katiba ya 2006 inasema kwamba elimu ya msingi ni ya lazima na ni bure katika shule za umma. Agizo hilo lilianza kutekelezwa kote nchini Septemba 2019, chini ya Rais Félix Tshisekedi. Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 800 kuusaidia mpango huo.

Kwa kuwa shule za mkataba ni za umma, agizo liliziingia moja kwa moja. Watoto waliokuwa wamebaki nyumbani kwa kukosa karo walirudi, na madarasa yakafurika. Lakini malipo ya motisha yalikuwa pia chakula cha walimu wengi waliofundisha bila kuandikwa katika orodha ya idara ya malipo, iliyojulikana kwa miaka mingi kwa jina la SECOPE. Malipo ya mzazi yalipokoma kabla mshahara wa serikali haujawafikia, walimu hao walibaki mikono mitupu. Vilevile ofisi za uratibu zilipoteza sehemu ya mapato yaliyoziendesha. Mgomo wa walimu wa Oktoba 2021, ulioukuta mwaka wa masomo ukianza, ulikuwa tokeo mojawapo la deni hilo.

Mtafiti anayetumia sitiari ya ukuta peke yake hataona lolote hapa, kwa sababu hakuna aliyebishana kuhusu sala darasani wala somo la dini. Ibara ya 45 ya Katiba inaruhusu shule za taifa, kwa kushirikiana na viongozi wa dini na kwa ombi la wazazi, kuwalea wanafunzi kwa kufuata imani yao. Mgogoro wa 2019 ulihusu gharama. Serikali iliubadilisha mfumo kwa agizo, kanisa likabaki na usimamizi, na mwalimu asiye katika orodha akabaki na darasa la watoto wengi kuliko mwanzo.

7.0 Hitimisho

Mambo matatu yanajitokeza. Kwanza, utafiti wa Kimarekani unafaa kusomwa kwa sababu ya njia zake: hesabu ya fedha, uchunguzi wa mashirika, ulinganisho wa nchi. Majibu yake hayafai kuhamishwa bila kupimwa, kwa kuwa yametokana na historia nyingine. Pili, katika Kongo dini haikurudi katika uwanja wa umma kama Casanova alivyoeleza kwingineko, haikuwahi kutoka. Tatu, uwezo wa kanisa kama msimamizi wa huduma za umma umetegemea mtu ambaye mkataba haukumtaja kuwa mhusika, yaani mzazi.

Kwa idara za Kiswahili kuna kazi ya pekee. Mkataba wa 1977, Katiba na sheria ya 2014 viliandikwa kwa Kifaransa, wakati katika mji wa Bunia mambo ya shule yanajadiliwa na wazazi zaidi kwa Kiswahili. Mzazi hujadili maandishi ambayo hayakuandikwa katika lugha yake, ingawa Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zinazotambuliwa na Katiba hiyo. Tafsiri sahihi ya mkataba huo, yenye istilahi zilizopimwa kwa wasemaji wa Ituri na si kwa kamusi peke yake, ni kazi ambayo mwanafunzi wa shahada anaweza kuifanya kwa mwaka mmoja. Ikikamilika, mzazi atakapoulizwa kwa nini shule imefungwa au kwa nini analipa, ataweza kuuliza naye: imeandikwa wapi?